Mlinzi Aliye Hai Ndani ya Utumbo

Watafiti wanajaribu kuwafundisha bakteria kazi ya kuwakinga wagonjwa wa tibakemikali dhidi ya kuharisha na vidonda. Kazi hiyo imefika wapi, na mgonjwa aliye nyumbani leo afanye nini?

Bibi mmoja wa miaka sitini na kitu alifika kliniki ya saratani asubuhi ya Jumatatu, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Alikuwa katika mzunguko wa tatu wa kapesitabini, dawa ya vidonge ambayo mgonjwa hupewa akaimeze nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki mbili, kisha akapumzika wiki moja. Muuguzi alimwamkia, akaitikiwa marahaba kwa sauti iliyokauka. Kabla hajauliza la pili, alikwisha kuyaona macho yaliyodidimia na ngozi ya mkono iliyochelewa kurudi mahali pake ilipofinywa.

"Bibi, umeanza kuharisha lini?"

"Siharishi, mwanangu. Tumbo linakoroga tu."

Mjukuu ndiye aliyesema kweli. Ilikuwa siku ya tano, mara nane au tisa kwa siku, na usiku hakulaliki. Bibi alikuwa amenyamaza kwa sababu aliyoiona kuwa ya maana kabisa: mgonjwa mwenzake aliharisha, akasema, akapunguziwa dozi, na yeye hakutaka kupunguziwa. Akaendelea kumeza vidonge vyote. Juu yake akanunua kopo la kapsuli za bakteria rafiki, zile ambazo wauzaji huziita probiotiki, kwa bei iliyozidi nauli ya kuja kliniki mara nne. Alikuwa amesikia redioni kwamba wanasayansi wametengeneza bakteria wanaoulinda utumbo dhidi ya dawa za saratani.

"Si ndiyo hii?" aliuliza, akimwonyesha muuguzi kopo.

Siyo hiyo. Lakini swali lilikuwa la haki, na halikustahili kujibiwa kwa neno moja mbele ya foleni. Habari aliyoisikia haikuwa ya uongo. Ilimfikia tu kabla ya wakati wake.

Jeraha linaanzia wapi

Tibakemikali, ambayo wodini huitwa kemo tu, haiitambui saratani kwa sura yake. Huitambua kwa mwenendo. Dawa nyingi za aina hii huziandama seli zinazogawanyika kwa kasi, na seli za saratani ni miongoni mwa hizo. Kwa bahati mbaya, mwilini wapo raia wema wenye mwenendo huohuo. Utando wa ndani wa utumbo mwembamba hujifanya upya kila baada ya siku tatu hadi tano. Seli changa huzaliwa chini, katika vishimo visivyoonekana kwa macho, zikapanda taratibu hadi juu, zikafanya kazi ya kufyonza chakula na maji, kisha zikadondoka. Dawa kama fluorourasili, methotreksati na irinotekani zinapoziua seli mama zilizomo vishimoni, seli za juu huendelea kudondoka kama kawaida ilhali hakuna warithi wanaopanda. Ukuta unabaki mtupu. Maji hayafyonzwi, chumvi zinapotea, na kizuizi kilichowaweka bakteria wa utumbo mbali na damu kinatoboka, mara nyingi katika siku zilezile ambazo chembe nyeupe za damu zimeshuka chini kabisa.

Kapesitabini aliyoimeza bibi yetu hugeuzwa mwilini kuwa fluorourasili, dawa iliyobuniwa Marekani na Charles Heidelberger na wenzake mwaka 1957, ambayo hadi leo ni nguzo ya matibabu ya saratani ya utumbo mpana. Ni dawa nzuri. Ndiyo maana kuharisha kunakosababishwa nayo si kero ndogo ya kuvumiliwa: daktari akilazimika kuisimamisha au kuipunguza, saratani nayo hupata nafasi ya kupumua. Hesabu aliyoifanya bibi kichwani haikuwa ya mtu asiyejua. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba ukimya ungemsaidia.

Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba mambo yote ni hayo: seli zimekufa, subiri ziote nyingine. Mwaka 2004 Stephen Sonis, mtaalamu wa magonjwa ya kinywa wa Boston, aliipanga upya picha hiyo katika hatua. Alieleza kwamba jeraha huanza chini ya utando kabla kidonda hakijaonekana. Kwamba seli zilizoumizwa hutuma ishara za kuchochea uvimbe, na ishara hizo hukuzana zenyewe kwa zenyewe kwa siku kadhaa. Kisha ndipo ukuta hupasuka, bakteria wakatua juu ya kidonda na kuuchochea uvimbe zaidi, na mwisho kidonda hupona. Kwa mtafiti wa dawa, maelezo haya yana faida moja kubwa: kati ya siku ya dripu na siku ya kidonda kuna muda. Katika muda huo mtu anaweza kupeleka kitu cha kutuliza. Tatizo ni namna ya kukifikisha, maana protini za kutuliza uvimbe ukizimeza humeng'enywa kama nyama yoyote, na ukizidunga kwenye mshipa husambaa mwili mzima, hata pale usipozitaka.

Wakazi wa utumbo nao wana mkono wao

Mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, wengi wao katika utumbo mpana. Hao si watazamaji. Mfano unaojulikana sana ni wa irinotekani. Dawa hii ikishafanya kazi, ini huifunga sumu yake kwa kuibandika sukari, kama mtu anayefunika kisu kwa ala, kisha huitupa kupitia nyongo hadi utumboni ili itoke na kinyesi. Huko chini bakteria fulani wana kimeng'enya kinachopenda sukari hiyo. Huivua ala, wakala sukari, na kisu kinabaki wazi ndani ya utumbo. Hiyo ni sababu kubwa ya kuharisha kunakowapata wagonjwa wa irinotekani siku kadhaa baada ya dripu. Mwaka 2010 kikundi cha Matthew Redinbo katika Chuo Kikuu cha North Carolina kilionyesha kwamba ukikizuia kimeng'enya hicho kwa dawa maalumu, bila kuwaua bakteria wenyewe, panya hawaharishi kama wenzao. Ningependa kila mfamasia wa wodi ya saratani aijue habari hii, kwa kuwa inaeleza pia kwa nini watu wawili wenye uzito mmoja na dozi moja hurudi kliniki na hali tofauti kabisa.

Fluorourasili nayo ina habari yake, na hii ndiyo inayotuhusu zaidi. Ini la binadamu huivunja dawa hiyo kwa kimeng'enya maalumu, na mtu aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho anaweza kufa kwa dozi ambayo jirani yake ameivumilia. Nchini Japani mwaka 1993 zaidi ya wagonjwa 10 walikufa baada ya kupewa dawa mpya ya virusi pamoja na dawa za jamii ya fluorourasili. Bakteria wa utumbo ndio walioigeuza dawa ile ya virusi kuwa kitu kilichokifunga kimeng'enya cha ini.

Mwaka 2022 kikundi cha Peter Turnbaugh huko San Francisco kilieleza kwamba baadhi ya bakteria wa utumbo, akiwemo Escherichia coli, wana jozi ya jeni zinazofanya kazi ileile ya ini: huivunja fluorourasili na kuifanya butu. Panya wenye uvimbe wa saratani walipowekewa bakteria hao, kapesitabini ya kumeza ilipungua nguvu dhidi ya uvimbe. Miaka mitatu baadaye kikundi hichohicho kikaongeza upande wa pili wa sarafu. Kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana waliokuwa wakitumia dawa hizi, jeni hizo ziliongezeka utumboni matibabu yakiendelea, na kuongezeka kwake kukaendana na madhara madogo zaidi. Kwa panya, bakteria waliopewa jeni hizo kwa wingi walipunguza sumu ya dawa.

Kiumbe kimoja, basi, na kimeng'enya kimoja, kinaweza kuwa mlinzi wa mgonjwa au msaliti wa matibabu yake. Hapo ndipo ugumu wote ulipo.

Bakteria rafiki wasioguswa na maabara

Kabla ya kuwazungumzia bakteria waliobadilishwa, ni haki kuwatazama wa asili, kwa kuwa ndio waliomo katika kopo la bibi. Mwaka 2007 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya wagonjwa 150 wa saratani ya utumbo mpana waliotibiwa kwa fluorourasili. Waliopewa Lactobacillus rhamnosus GG walipata kuharisha kukali kwa asilimia 22. Wasiopewa, asilimia 37. Mwaka huohuo, huko Italia, mchanganyiko wa bakteria kadhaa ulipunguza kuharisha kwa wagonjwa waliopigwa mionzi ya nyonga. Mwongozo wa kimataifa wa huduma saidizi za saratani unataja kwamba bakteria wa jamii ya Lactobacillus huenda wakafaa kuzuia kuharisha kwa wagonjwa wa saratani za nyonga wanaopata mionzi. Neno ni "huenda", na waliolichagua hawakulichagua kwa uvivu. Tafiti zimetumia bakteria tofauti, dozi tofauti na wagonjwa tofauti, na jina "probiotiki" kwenye kopo halimwambii mtu ni yupi kati ya hao amemnunua.

GG huyu si mgeni kabisa katika ukanda wetu. Nchini Uganda mradi wa Yoba umekuwa ukiwapa wasindikaji wadogo wa maziwa pakiti za bakteria wa uzao huohuo ili watengeneze mtindi kwa bei ya mtaani. Mwanza nako, tangu mwaka 2004, akina mama wa Mabatini walitengeneza mtindi wa "Fiti" kwa kutumia ndugu yake mwingine, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada. Miradi hiyo ililenga lishe na afya ya jamii, si wagonjwa wa kemo, na matokeo ya Finland hayawezi kuhamishiwa humo kwa kufananisha majina. Naitaja kwa sababu moja: siku bakteria wa tiba watakapothibitishwa, ujuzi wa kuwakuza na kuwasambaza katika ukanda huu hautaanzia sifuri.

Kiwanda ndani ya bakteria

Wazo la uhandisi jeni katika jambo hili ni rahisi kulieleza. Mchukue bakteria mpole anayejulikana, mpachike jeni ya protini unayoitaka, mmezeshe mgonjwa, na aitoe protini hiyo papo hapo penye jeraha. Shida ya kumeng'enywa njiani inaondoka, na shida ya kusambaa mwilini inapungua.

Aliyelifanya wazo hili liaminike ni Lothar Steidler na wenzake wa Ghent, Ubelgiji. Mwaka 2000 walimchukua Lactococcus lactis, bakteria anayegandisha maziwa ya jibini, wakampa jeni ya protini ya kutuliza uvimbe, na panya wenye ugonjwa wa utumbo wakapata nafuu. Swali la mara moja likawa: kiumbe huyu akitoka na kinyesi akaingia mtoni, nani atamrudisha? Mwaka 2003 wakajibu kwa ufundi unaostahili kusimuliwa. Waliiondoa jeni ya kimeng'enya kinachotengeneza thimidini, mojawapo ya matofali ya DNA, na mahali pake palepale wakaiweka jeni ya protini ya tiba. Bakteria huyo akikosa thimidini katika mazingira yake hufa. Na akijaribu kuirudisha jeni iliyopotea kutoka kwa bakteria mwenzake, mahali pa kuipokea ni palepale penye jeni ya tiba, hivyo huipoteza hiyo ya tiba. Msomaji anayezijua dawa za saratani atakuwa ametabasamu: kimeng'enya hicho kilichoondolewa ndicho kilekile ambacho fluorourasili hukifunga ndani ya seli ya saratani. Mwaka 2006 wagonjwa 10 wa ugonjwa wa Crohn huko Amsterdam walimezeshwa bakteria hao, na aliyetoka katika kinyesi chao alitegemea thimidini kama ilivyokusudiwa.

Kutoka hapo njia iligawanyika. Huko Minas Gerais, Brazili, watafiti walimpa Lactococcus lactis jeni ya protini ambayo utumbo wenyewe huitoa kujikinga, wakampa panya aliyedungwa fluorourasili. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2017, ukuta wa utumbo wa panya hao ulihifadhika kuliko wa wenzao. Hiyo ni hatua ya panya, na isomwe hivyo.

Waliofika mbali zaidi kwa binadamu hawakuanzia utumboni bali mdomoni. Wale warithi wa kazi ya Ghent walitengeneza maji ya kusukutua yaliyoitwa AG013, yenye Lactococcus lactis anayetoa protini ambayo tumbo la binadamu huitoa pamoja na ute ili kuziba michubuko. Katika jaribio la awali kwa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo waliokuwa katika kemo, siku za kuwa na vidonda zilipungua kwa takriban theluthi moja, na bakteria hai hawakuonekana katika damu, hata chembe nyeupe ziliposhuka. Wengi tulifurahi. Kisha ikaja awamu ya pili, yenye wagonjwa wengi zaidi, waliokuwa wakipata kemo pamoja na mionzi, na mwaka 2020 kampuni ikatangaza kwamba muda wa vidonda vikali haukutofautiana kwa kiwango cha kuaminika na wa waliosukutua kimiminika kisicho na dawa.

Habari ya namna hiyo haisomwi redioni. Naona ndiyo iliyopaswa kusomwa kwanza. Jaribio dogo lililofurahisha na jaribio kubwa lililonyamaza ni mambo ya kawaida katika utabibu, na mgonjwa anayelijua la kwanza bila la pili hutumia fedha zake vibaya.

Bakteria mwingine anayependwa na wahandisi ana asili ya vitani. Mwaka 1917 Alfred Nissle, daktari wa Freiburg nchini Ujerumani, alimpata Escherichia coli katika kinyesi cha askari ambaye hakuugua tumbo ilhali wenzake waliugua. Bakteria huyo, anayebeba jina la daktari, bado huuzwa kama dawa huko Ulaya kwa jina la Mutaflor. Ni mwepesi kubadilishwa na amekuwa karakana ya majaribio mengi. Lakini ndani yake amebeba jeni za kutengeneza kolibaktini, kemikali inayoijeruhi DNA, na alama za majeraha ya aina hiyo zimeonekana katika baadhi ya saratani za utumbo mpana. Kumpa mgonjwa wa saratani ya utumbo kiumbe mwenye silaha hiyo ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Ndiyo maana watafiti wengine humkata jeni hizo kabla ya lolote.

Kulinda utumbo bila kuilinda saratani

Kwa mgonjwa mwenye uvimbe kwenye titi, mlinzi anayefanya kazi juu ya ukuta wa utumbo yuko mbali na adui. Kwa bibi yetu, ambaye uvimbe wake umo ndani ya utumbo mpana wenyewe, protini inayoihimiza seli ikue na ijizibe haichagui ni ya nani. Protini ya kutuliza uvimbe nayo inaweza kuituliza kinga ile ambayo tunataka iishambulie saratani. Bakteria wa kuivunja fluorourasili wana swali gumu kuliko yote: dawa ikiwa ni ya kumeza, wataivunja kabla haijaingia katika damu? Dawa ikiwa ni ya mshipa, hatari hiyo huenda ikawa ndogo. Jaribio lolote la binadamu lenye kuheshimika litapaswa kuhesabu mambo mawili kwa pamoja, yaani siku za kuharisha na mwenendo wa uvimbe. Mtu akikuletea karatasi yenye hesabu ya kwanza pekee, muulize ya pili iko wapi.

Kisha kuna damu. Bakteria rafiki hubaki rafiki akiwa ndani ya utumbo. Ukuta ukitoboka na askari wa mwili wakiwa hawapo, hata Lactobacillus wa mtindi amewahi kuotesheka kutoka katika damu ya mgonjwa. Hamira iitwayo Saccharomyces boulardii, inayouzwa sana kwa ajili ya kuharisha, imesababisha maambukizo ya damu kwa wagonjwa wenye mrija katika mshipa mkubwa, wakiwemo ambao hawakuimeza kabisa: unga wake uliruka jirani alipofunguliwa kapsuli yake, au ulibaki katika mikono ya mhudumu. Mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya imekataza isitumiwe kwa wagonjwa mahututi na kwa wenye kinga iliyoshuka. Kwa wauguzi wenzangu hili ni jambo la leo hii hii: kapsuli za namna hiyo zisifunguliwe kando ya kitanda cha mgonjwa mwenye mrija.

La jeni kuhama nalo lipo, ingawa hapa wahandisi wamepiga hatua za kupendeza. Mwaka 2022 kikundi cha James Collins kilimbadilisha Lactococcus lactis ili aivunje dawa ya ampisilini iliyobaki utumboni, bakteria wa asili wapone. Kimeng'enya walikigawa vipande viwili vinavyotengenezwa kwa jeni mbili na kuungana nje ya seli tu. Bakteria mwingine akiokota jeni moja hapati kitu, na yule anayekitengeneza hapati usugu wowote. Ilikuwa kazi ya panya na ya antibiotiki, si ya kemo, lakini wagonjwa wa kemo ni wateja wakubwa wa antibiotiki, na ufundi wa kugawa kimeng'enya ni wa kuazimwa.

Kwa mgonjwa aliye nyumbani

Hadi ninapoandika, hakuna bakteria aliyefanyiwa uhandisi jeni aliyeidhinishwa kumkinga mgonjwa wa kemo, na hakuna aliyemo katika kopo la duka lolote. Anayeuza kwa madai hayo anauza maneno.

Mtindi je? Huulizwa kila wiki, pamoja na togwa na maziwa ya kuganda ya nyumbani. Mtindi uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa na kuwekwa katika chombo safi ni chakula kizuri kwa mgonjwa ambaye chembe nyeupe zake ziko sawa na ambaye maziwa hayamchafui tumbo. Baada ya kuharisha kukali wengine hushindwa kumeng'enya maziwa kwa muda, nao wayaache. Maziwa mabichi yaliyogandishwa hayafai kwa mgonjwa wa kemo hata kama familia imeyanywa kwa vizazi, kwa sababu ya brusela na vijidudu vingine ambavyo mwili wake wa sasa hauwezi kupambana navyo. Katika siku ambazo chembe nyeupe zimeshuka sana, daktari anaweza kukuzuia hata mtindi wa dukani. Muulize. Na kapsuli yoyote unayoimeza, ilete kliniki na kopo lake.

Kuharisha kunahesabiwa, hakukisiwi. Muuguzi asiulize "unaharisha?" bali "kwa kawaida ulikuwa ukienda choo mara ngapi, na jana umekwenda mara ngapi?" Ongezeko la mara nne hadi sita kwa siku ni daraja la pili, na kwa mgonjwa wa kapesitabini hapo vidonge husimamishwa na simu hupigwa siku hiyohiyo. Ongezeko la mara saba au zaidi ni daraja la tatu, na mahali pake ni hospitali. Kusimamisha kwa siku chache si kupoteza matibabu. Kinachopoteza matibabu ni kuendelea kumeza hadi figo zichoke, maana baada ya hapo hakuna daktari atakayethubutu kurudisha dozi. Maji ya ORS yaanze mara moja, kidogo kidogo na mara kwa mara. Loperamidi ni dawa ya zamani na ya bei nafuu inayofanya kazi nzuri, kwa kawaida miligramu 4 kwanza kisha 2 kwa kadiri ya maelekezo ya kliniki, lakini isimezwe na mwenye homa au mwenye damu katika kinyesi kabla hajaonwa.

Na homa. Joto la nyuzi 38 kwa mgonjwa wa kemo anayeharisha, au maumivu makali upande wa kulia chini ya tumbo, si jambo la kungoja kesho asubuhi hata kama nyumba iko mbali na usafiri wa usiku ni wa taabu. Ndugu wa mgonjwa walijue hili kuliko wanavyojua jina la dawa.

Bibi alilazwa siku nne. Alipewa dripu, vidonge vikasimamishwa, kapsuli zikawekwa kabatini. Wiki tatu baadaye alirudi kwa dozi iliyopunguzwa kwa robo, amekasirika kidogo kwa robo hiyo, na daktari akaketi naye kumweleza kwa nini dozi anayoweza kuimaliza ina faida kuliko ile inayomlaza. Muuguzi aliichukua boksi ya vidonge na kuandika juu yake, kwa kalamu nene, namba ya simu ya kliniki na maneno mawili: MARA NNE. Mjukuu aliomba aandikiwe na yeye kwenye daftari lake la shule.